Namna ya Kuandaa Orodha ya Spishi za Eneo Lako kwa Kutumia Programu za Kumbukumbu: Mwongozo kwa Walio Arusha na Moshi

Mwenye loji huko Usa River, mwanafunzi wa Mweka anayeandika ripoti ya mafunzo ya vitendo, na mshauri elekezi anayeandaa Tathmini ya Athari kwa Mazingira ya mradi wa maji wilayani Hai, wote hufika mahali wakahitaji kitu kimoja: orodha ya mimea na wanyama waliowahi kurekodiwa katika eneo fulani. Zamani mtu aliyetaka orodha hiyo alilazimika kupekua majarida na makabati ya makumbusho. Siku hizi zipo programu na tovuti zinazoitoa kwa dakika chache bila malipo, na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa orodha iliyopatikana kwa dakika chache huonekana imekamilika hata pale inapomchanganya kinyonga wa Marangu na twiga wa Longido.

Mwongozo huu unafuata msimamo mmoja. Kila jina litakaloingia katika orodha liwe na ushahidi wake kando yake: lilirekodiwa na nani, lini, wapi, na mahali hapo panajulikana kwa usahihi wa umbali gani. Jina lisilo na ushahidi huo lihamishiwe kwenye orodha nyingine, au liondolewe.

Utahitaji kompyuta, barua pepe, na programu ya majedwali kama LibreOffice Calc au Excel. Simu inafaa sana kukusanya picha porini, lakini kusafisha maelfu ya mistari ya data kwenye kioo cha simu ni kujitesa. Ukiweza, weka pia QGIS, programu ya ramani isiyolipiwa, kwa sababu makosa mengi yanayojificha ndani ya jedwali huonekana mara moja yakiwekwa kwenye ramani.

Hatua ya kwanza: chora mpaka wako mwenyewe

Programu zote zitakazotajwa hapa huanza kwa kuuliza ni wapi, na jibu legevu la swali hilo huharibu kazi nzima. Ukitafuta kwa jina la mkoa, utapewa mkoa mzima. Mkoa wa Arusha unabeba Ngorongoro, Loliondo na Ziwa Natron, kwa hiyo orodha yake itakuwa na simba na faru, ilhali Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoko kwenye miteremko ya Mlima Meru, inafahamika kwa kutokuwa na simba. Mkoa wa Kilimanjaro nao unaanzia kilele cha Kibo, mita 5,895, ukashuka hadi nyika kavu za Mkomazi wilayani Same. Orodha ya mkoa huo haimfai mtu anayetaka kujua ndege wa bustani yake ya Shanty Town.

Chora basi poligoni inayozunguka eneo lako hasa. Unaweza kuichora katika Google Earth, katika QGIS, au katika tovuti ya geojson.io ambayo haihitaji akaunti. Hifadhi nyingi za data huipokea poligoni hiyo ikiwa imeandikwa kwa mtindo wa maandishi uitwao WKT. Mraba wa mazoezi unaozunguka mji wa Moshi pamoja na Msitu wa Rau utaandikwa hivi:

POLYGON((37.30 -3.45, 37.45 -3.45, 37.45 -3.30, 37.30 -3.30, 37.30 -3.45))

Longitudo hutangulia, latitudo hufuata. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, hivyo latitudo yetu hubeba alama ya kutoa. Nukta ya mwisho lazima iwe ile ile ya kwanza, la sivyo poligoni haijafungwa. Tena nukta zipangwe kinyume na mwendo wa mikono ya saa: GBIF, hifadhi tutakayoanza nayo, huisoma poligoni iliyopangwa kwa mwendo wa saa kuwa ni dunia yote isipokuwa eneo ulilolichora, na matokeo yake ni mamilioni ya rekodi ambazo hazikuhusu.

Viwianishi (yaani longitudo na latitudo) vilivyogeuzwa havitokei kwako peke yako. Vimo pia ndani ya rekodi za watu wengine. Ukibadilishana longitudo na latitudo za Moshi, nukta yako itaangukia kusini mwa Hispania, si mbali na Granada. Ukisahau alama ya kutoa, itaangukia karibu na North Horr, kaskazini mwa Kenya. Kwa hiyo rekodi halali ya Moshi inaweza kuwa imelala Hispania, na rekodi ya jangwa la kaskazini mwa Kenya iliyoongezewa alama ya kutoa kwa bahati mbaya inaweza kuibukia Rau. Ukiona spishi ya jangwani katikati ya msitu wenye chemchemi, anza kushuku alama kabla ya kushangilia ugunduzi.

Kuhusu ukubwa, nyuzi moja katika latitudo zetu ni takriban kilomita 111, kwa hiyo kila upande wa mraba ule wa mazoezi una karibu kilomita 17. Eneo dogo kama kiwanja cha hoteli halitakuwa na rekodi za kutosha, na wengi hulipanua kwa kilomita tano au kumi kila upande. Kwenye tambarare za kuelekea Namanga upanuzi huo hauna madhara makubwa. Kwenye mteremko wa Kilimanjaro ni hatari, maana kilomita kumi za kupanda zinakutoa kwenye mashamba ya migomba na kukuingiza katika msitu wa milimani wenye viumbe wengine kabisa. Huko juu, ni bora upanue poligoni kandokando ya mlima kwa kufuata mwinuko ule ule, wala usiipanue kuelekea kileleni.

Hatua ya pili: anza na GBIF

GBIF ni mtandao wa kimataifa wa data za bioanuwai ulioanzishwa mwaka 2001, sekretarieti yake ikiwa Copenhagen, Denmark. Tanzania inashiriki kupitia TanBIF, iliyo chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Ndani yake zimo rekodi zaidi ya bilioni 2: vielelezo vya makumbusho, karatasi za hebaria (hifadhi za mimea iliyokaushwa), na mambo yaliyoonwa na watu wa kawaida. Ieleweke kwamba GBIF ni soko, si shamba. Bidhaa zimeletwa na wakulima wengi, wenye bidii na wavivu, na ubora wa kila rekodi unamtegemea aliyeileta.

Fungua akaunti, kwa kuwa kupakua data kunaihitaji. Nenda kwenye ukurasa wa rekodi, bandika poligoni yako kwenye kichujio cha mahali, kisha chagua kuondoa rekodi zenye dosari za kijiografia zinazojulikana. Chagua pia aina ya ushahidi: kwa kazi ya kawaida bakiza vielelezo vilivyohifadhiwa na mambo yaliyoonwa na watu, na uondoe visukuku, pamoja na viumbe waliofugwa au kuoteshwa ikiwa wametambulishwa hivyo. Kabla ya kupakua, tazama ramani. Nukta nyingi zikiwa zimerundikana mahali pamoja kabisa, mara nyingi hapo ni katikati ya mji au katikati ya wilaya, ambapo mtu alikisia baadaye kuwa ndipo mahali pa kielelezo kilichoandikwa jina la mji tu.

Utapewa njia kadhaa za kupakua, zikiwemo hizi tatu: faili la kawaida lenye safu chache, faili kamili la kumbukumbu, na orodha ya spishi pekee. Watu wengi huchukua hiyo ya tatu, kwa kuwa ndiyo inayofanana na walichokuja kukitafuta. Mimi nashauri uichukue pamoja na faili la kawaida, na kazi yote uifanyie kwenye faili la kawaida; orodha ya spishi inakupa jina na idadi ya rekodi, lakini haikuonyeshi ni rekodi za mwaka gani wala zimetoka wapi hasa, na bila hayo huna la kumjibu atakayehoji. Kila upakuaji hupewa namba ya kudumu iitwayo DOI. Inakili siku hiyo hiyo mahali ambapo hutaipoteza.

Faili la kawaida lina jina la CSV, lakini safu zake zimetenganishwa kwa tabo. Ukilibofya moja kwa moja, Excel huweza kusukuma kila kitu kwenye safu moja, na herufi za majina ya wakusanyaji wa Kiswidi na Kijerumani zikaharibika. Tumia njia ya kuingiza data, kisha chagua tabo kuwa kitenganishi na UTF-8 kuwa mfumo wa herufi.

Likishafunguka, kwanza ondoa mistari ambayo utambulisho wake umeishia kwenye jenasi au familia, au iweke pembeni. Kisha panga kwa safu iitwayo coordinateUncertaintyInMeters, inayoeleza nukta inaweza kuwa imekosea kwa mita ngapi. Hapa hakuna kipimo kimoja kinachofaa kila mahali. Kosa la mita 5,000 kwenye nyika iliyo tambarare ni jambo la kuvumilika. Kosa hilo hilo juu ya Machame linaweza kumhamisha ndege kutoka shamba la kahawa hadi msitu mnene. Mimi hupendelea mita 1,000 kwa miteremko, na kwa tambarare kikomo kinachokaribia nusu ya upana wa eneo lenyewe. Mistari ambayo safu hiyo ni tupu isifutwe kwa pupa. Nyingi ni nzuri, ila hakuna aliyejaza.

Mwishowe tengeneza jedwali la muhtasari lenye spishi kwenye mistari, na kando yake idadi ya rekodi, mwaka wa kwanza, mwaka wa mwisho, na aina ya ushahidi. Usishangae ndege wakimeza sehemu kubwa ya jedwali huku wadudu na kuvu wakiwa wachache mno. Hiyo ni picha ya watu wanaopenda kuandika ndege, na ya njia wanazopita wageni, kama Marangu, Machame na maziwa ya Momella. Idadi ya rekodi isisomwe kamwe kuwa ni idadi ya wanyama.

Hatua ya tatu: tafuta rekodi zisizo na viwianishi

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, nami naiona kuwa ndiyo yenye utajiri mkubwa kuliko zote kwa upande wetu huu. Poligoni haiwezi kukamata rekodi ambayo haina viwianishi, na vielelezo vingi vya kale vina jina la mahali tu. Kanda yetu ilikusanywa mapema: Hans Meyer alifika kilele cha Kibo mwaka 1889, na Yngve Sjöstedt aliongoza msafara wa Kiswidi wa elimu ya wanyama Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 hadi 1906. Vielelezo vya wakati huo vimetawanyika katika makumbusho za Ulaya, na sehemu yake imo katika GBIF.

Rudi basi kwenye utafutaji, ondoa poligoni, chagua nchi ya Tanzania, na utafute kwa maandishi ya mahali. Jaribu maandishi ya zamani: Moschi, Aruscha, Kilimandjaro, na Kibonoto, ambayo ndiyo Kibong'oto ya leo. Kuwa mwangalifu zaidi na Arusha. Wajerumani waliandika Gross-Aruscha kwa Arusha ya chini ya Mlima Meru, na Klein-Aruscha kwa Arusha Chini, iliyoko kusini mwa Moshi kwenye tambarare za miwa. Lebo iliyoandikwa Aruscha bila zaidi inaweza kuwa ya mojawapo, na mtu aliyeipa viwianishi akiwa ofisini Ulaya pengine hakujua kwamba Arusha ziko mbili. Ukipata mmea wa nyanda za chini zenye joto uliopachikwa katikati ya jiji la Arusha, fikiria Arusha Chini kwanza.

Rekodi zilizoandikwa Kilimandjaro bila neno jingine haziwezi kuingia katika orodha ya kijiji chochote, kwa kuwa hakuna ajuaye kama mkusanyaji alikuwa Moshi au juu ya mstari wa miti. Ziweke katika jedwali la pembeni. Upande wa mimea, jueni pia kwamba hebaria ya Berlin iliungua kwa mabomu mwaka 1943, na vielelezo vingi vya Afrika Mashariki ya Kijerumani vikateketea. Mmea uliotajwa katika maandiko ya wakati huo lakini hauna kielelezo popote huenda ulipotelea hapo.

Kwa mimea, hatua hii ina msaada mwingine wa kuaminika. Mfululizo wa vitabu vya Flora of Tropical East Africa, ulioanza mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, unaeleza mimea zaidi ya 12,000 ya Kenya, Uganda na Tanzania, na kila mmea umewekewa alama ya kanda. Arusha na Moshi ziko katika kanda ya T2. Wilaya za Upare, yaani Mwanga na Same za leo, ziko T3 pamoja na Tanga, kwa kufuata mipaka ya majimbo ya enzi za ukoloni. Mtu anayeandaa orodha ya Mwanga akaangalia T2 peke yake atakosa mengi.

Hatua ya nne: iNaturalist kwa picha za karibuni

iNaturalist ilianza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na tangu mwaka 2023 inajitegemea kama taasisi isiyo ya faida. Mtu hupakia picha au sauti, wengine hulitaja jina, na rekodi yenye tarehe, mahali na ushahidi hupanda hadi daraja la utafiti pale zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa jina wanapokubaliana. Rekodi za daraja hilo huingia GBIF ikiwa mwenye picha ameweka leseni inayoruhusu. Zile zisizo na leseni, na zile ambazo bado hazijapata mtu wa pili wa kukubali, zimebaki iNaturalist peke yake, kwa hiyo lazima uende huko hata kama umeshapakua GBIF.

Katika ukurasa wa kuchunguza, tafuta eneo lako au chora mipaka, kisha fungua kichupo cha spishi. Ondoa viumbe waliofugwa na mimea iliyopandwa. Hata hivyo usiamini kwamba wote wameondoka, kwa sababu mgeni anayepiga picha ya jakaranda wa barabarani Arusha mara nyingi hasemi kwamba umepandwa, na mgrevilea wa Australia kwenye shamba la kahawa la Mchaga unaweza kuonekana kwenye orodha kama mti wa asili wa Kilimanjaro. Hapa ujuzi wa mwenyeji una uzito kuliko programu.

Jambo la pili ni nukta zilizofichwa. Spishi zilizo hatarini hufichwa mahali pake halisi: nukta inayoonekana huchaguliwa kwa kubahatisha ndani ya kisanduku cha nyuzi 0.2 kwa 0.2, ambacho kwetu ni karibu kilomita 22 kila upande. Nukta ya tembo inayoonekana katikati ya stendi ya Moshi haina maana kwamba tembo alikuja kupanda basi. Katika faili la GBIF utazitambua rekodi hizo kwa kosa la umbali linalofika makumi ya maelfu ya mita, nazo zisiingie katika orodha ya eneo dogo bila kuwasiliana na aliyeziweka.

Mapendekezo ya majina yanayotolewa na kompyuta yatumiwe kama dokezo tu. Kwa mamalia na ndege wakubwa yanafanya vizuri. Kwa buibui, nondo na nyasi zetu, programu inaweza kukutajia kwa ujasiri spishi ya bara jingine, na watu wawili wasiojua wakikubali pendekezo hilo, rekodi inapanda daraja.

Hatua ya tano: eBird kwa ndege

Kwa ndege, eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Cornell Lab of Ornithology pamoja na National Audubon Society, ni tajiri kuliko hifadhi nyingine yoyote kati ya zilizotajwa. Data zake huingia GBIF kwa vipindi, hivyo za miezi ya karibuni zitazame kwenye eBird yenyewe. Chagua mahali maarufu pa kutazamia ndege, kisha fungua chati ya pau, ambayo hugawa kila mwezi sehemu nne na kuonyesha spishi huonekana wakati gani wa mwaka. Ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia huonekana waziwazi kwenye chati hiyo kuanzia Oktoba hadi Aprili. Pau nene katika wiki yenye orodha mbili tu za watazamaji haina uzito wowote, kwa hiyo angalia kwanza idadi ya orodha zilizochangia.

Tahadhari kubwa ni kwamba mahali pa eBird ni nukta, si eneo. Mtu huweza kuanzisha orodha yake getini, akatembea kilomita nane, akaandika ndege wote kwa jina la geti. Ndege wa majini waliotajwa kwenye loji isiyo na maji wamepatikana kwa njia hiyo.

Hatua ya sita: orodha za wanaotarajiwa

Map of Life, Avibase na ramani za IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia, hutoa majina ya spishi ambazo eneo lako limo ndani ya ramani zao za mtawanyiko, au zimetajwa kwa nchi na sehemu zake. Zinafaa kukuonyesha ni nini utafute porini. Jina lililotoka huko pekee halijarekodiwa katika eneo lako, na katika jedwali lipewe safu yake yenye neno «anatarajiwa», lisichanganywe na mengine.

Hatua ya saba: unganisha majina

Sasa una majedwali matatu au manne, na kila moja linafuata utaratibu wake wa majina. Kazi hii huchosha, wala haina njia ya mkato. Kipozamataza wa Beesley, Chersomanes beesleyi, anayepatikana katika nyika ndogo kati ya Meru na Longido na si kwingineko duniani, zamani alihesabiwa kuwa nususpishi ya Chersomanes albofasciata wa kusini mwa Afrika. Rekodi ya zamani yenye jina la pili kutoka kaskazini mwa Arusha ni ya ndege yule yule, na asiyejua hayo ataandika spishi mbili. Msoo, mti mkubwa unaoupa heshima Msitu wa Rau, utaukuta kama Oxystigma msoo na pia kama Prioria msoo. Miti mirefu ya seneso ya juu Kilimanjaro imeandikwa Senecio katika lebo za kale na Dendrosenecio katika mpya. Kinyonga Kinyongia tavetana amewahi kuwekwa katika jenasi ya Chamaeleo na ya Bradypodion.

Weka majina yote katika safu moja, uyapitishe katika zana ya GBIF ya kulinganisha majina, kisha mimea uihakiki katika Plants of the World Online ya bustani ya Kew. Amua utafuata mamlaka gani kwa kila kundi, uandike uamuzi huo juu ya jedwali, wala usiuvunje katikati ya kazi. Jina la zamani lisifutwe. Lihamie safu ya visawe, ili anayefungua kitabu cha zamani alione.

Marudio nayo yaondolewe. Karatasi ya mmea mmoja uliokusanywa siku moja huweza kugawanywa kati ya hebaria za Nairobi, Kew na kwingineko, na kila moja ikatuma rekodi yake. Mkusanyaji yule yule, namba ile ile na tarehe ile ile maana yake ni ushahidi mmoja.

Mwenye kujua kidogo R, lugha ya kompyuta ya kuchakata data, anaweza kutumia kifurushi cha rgbif kupakua na CoordinateCleaner kutia alama viwianishi vinavyotilika shaka, kama vile vilivyoangukia katikati ya nchi au kwenye jengo la makumbusho. Kwa orodha moja tu, kujifunza R ni safari ndefu isiyo ya lazima. Kwa anayeandaa orodha kila mwezi, inalipa.

Hatua ya nane: wapelekee wenye kujua

Tia alama ya rangi kwenye kila spishi yenye rekodi moja tu, kila isiyoonekana kwa zaidi ya miaka 50, na kila iliyo nje ya mwinuko wake wa kawaida. Alama hizo ndizo utakazowapelekea wataalamu. Usiwape jedwali zima, kwani hakuna atakayelisoma. Tuna bahati ya kuwa karibu nao: Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, iko Arusha, Hebaria ya Taifa iko Arusha pia, Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, kiko juu ya Moshi, na Makumbusho ya Elimu Viumbe yako ndani ya boma la Wajerumani katikati ya jiji. Picha unazopiga mwenyewe njiani zinatosha kuthibitisha mengi. Kukusanya vielelezo ni jambo jingine, linalohitaji vibali kupitia COSTECH na TAWIRI, na ndani ya hifadhi linahitaji pia ruhusa ya wenye hifadhi.

Mshauri elekezi asisahau leseni. Rekodi nyingi za iNaturalist zina leseni isiyoruhusu matumizi ya kibiashara, na ramani za IUCN vilevile hazitolewi bure kwa kazi ya kibiashara. Ripoti ya kulipwa inayozitumia inahitaji idhini.

Kuhusu siri, orodha itakayobandikwa ukutani au mtandaoni isionyeshe mahali halisi pa faru, kobe, okidi adimu au mnyama yeyote anayewindwa. Taja wilaya, au usitaje kabisa, hata kama viwianishi ulivipata hadharani.

Hatua ya tisa: tarehe na toleo

Juu ya orodha andika tarehe ya kupakua, DOI ya GBIF, maandishi ya poligoni yako, kikomo cha umbali ulichotumia, na mamlaka ya majina uliyoifuata. Faili ghafi lihifadhiwe kama lilivyokuja bila kuguswa, na usafishaji ufanyike kwenye nakala. Rudia upakuaji kila mwaka kwa poligoni ile ile, ulinganishe majedwali mawili, na spishi mpya ziongezwe zikiwa na mwaka wake. Zilizotoweka kwenye upakuaji mpya zichunguzwe kabla ya kufutwa, kwa kuwa mara nyingi spishi haikwenda popote, bali mtu mmoja huko Nairobi au London amesahihisha jina.